Kufungua faili za kompyuta ya nyumbani ukiwa ofisini, bila kugombana na mtu wa IT

Wengi wanaoniuliza jambo hili huanza na swali la namna ya kuipita faiawoli ya ofisi, yaani kizuizi cha mtandao. Swali hilo silijibu, kwa sababu anayeuliza mara nyingi hana haja ya kuipita. Anachotaka ni bajeti aliyoimalizia jana usiku kwenye kompyuta iliyoko Njiro, na sasa yuko ofisini karibu na Mnara wa Saa jijini Arusha, tundu za USB zimefungwa, Google Drive haifunguki, na kila programu anayojaribu kuweka inadai nywila ya msimamizi. Lakini mfukoni ana simu yenye bando, na simu hiyo haipiti kwenye mtandao wa ofisi hata kidogo. Tuanzie hapo.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa kawaida mwenye kompyuta ya Windows nyumbani, iwe Sakina, Moshono, Usa River au Moshi mjini, na simu ya Android. Wenye Linux nyumbani kazi yao ni nyepesi zaidi na pengine hawanihitaji.

Hatua ya kwanza: faili zipi hasa?

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uandike faili ulizozikosa kazini mwezi uliopita. Orodha huwa fupi kuliko mtu anavyodhani: bajeti, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za VICOBA, CV, labda picha za safari. Kama ni faili chache na hazibadilikibadiliki, ishia hapa. Ziweke kwenye simu, ndani ya folda iliyofungwa kwa programu kama Cryptomator, ambayo huzisimba faili zisisomeke bila nywila yako. Nimeona watu wakijenga mtambo mzima kwa ajili ya PDF tatu.

Wa kuendelea ni yule ambaye faili zake hubadilika kila siku, au ni nyingi mno kwa simu, au leo hajui kesho ataulizwa ipi. Huyo afungue folda moja tu kwenye kompyuta yake, tuseme `D:\Kazini`, na ahamishie humo zile anazokubali zifikiwe kutoka nje. Picha za familia, hati ya kiwanja na nakala ya kitambulisho cha NIDA vibaki kwingine. Lolote likiharibika huko mbele, litakaloharibika ni folda hiyo.

Jambo moja kwa mliopo kwenye kampuni za utalii, na Arusha mko wengi: nakala za pasipoti za wageni na fomu zao za afya si faili zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inambana anayekusanya taarifa hizo. Usizihamishie nyumbani ili upate urahisi wa kuzifungua.

Hatua ya pili: ruhusa, kwa maandishi

Hatua hii huonekana ya kupoteza muda, na ndiyo inayookoa ajira. Kompyuta ya nyumbani ni yako, bando ni lako, lakini mashine ya mezani na waifai ya ofisi ni vya mwajiri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja kosa la kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na hata pale sheria haijafika, kanuni za ndani za ofisi zinafika. Mtumishi wa umma ana la ziada, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 pamoja na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Ujumbe wa kumwandikia ofisa TEHAMA unaweza kuwa hivi:

*Habari za kazi kaka. Naomba ushauri wako. Nyumbani nina kompyuta yenye faili zangu binafsi na rasimu za kazi zisizo za siri. Ningependa kuzifungua kwenye simu yangu, kwa bando langu, bila kuunganisha simu kwenye waifai wala kwenye kompyuta ya ofisi. Nikihitaji faili moja kwenye mashine ya ofisi nitajitumia kwa barua pepe ya ofisi. Kuna kanuni yetu yoyote inayokataza? Kama ofisi ina njia yake inayokubalika, nitashukuru ukinielekeza. Ahsante.*

Kama ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo. Barua pepe haijafuta adabu. Halafu tazama ujumbe wenyewe: haumwombi afungue kitu. Ombi la kufungua poti (mlango wa mtandao) linamtisha mtu wa IT kwa sababu mambo yakienda kombo anayeitwa kwa mkurugenzi ni yeye. Ombi la namna hii anaweza kulikubali bila kugusa mtambo wowote. Akikujibu kwa mdomo pale mnapokutana kwenye chai, rudi mezani umwandikie, "Ahsante kaka, kama tulivyoongea, nitaendelea kwa simu yangu tu," ili neno lake liwe na tarehe. Akikataa, amekataa. Usijaribu kwa mlango wa nyuma.

Kuna ruhusa ya pili. Njia nitakayoieleza inatumia VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa ndani ya intaneti. Mwezi Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kuziandikisha kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinakataza teknolojia ya kumfikisha mtu kwenye maudhui yaliyopigwa marufuku. Wewe huendi kwenye maudhui ya mtu yeyote, unakwenda kwenye diski yako mwenyewe. Hata hivyo usijitafsirie sheria: TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha. Waulize utaratibu wa sasa, ujiandikishe, uendelee na maisha.

Kwa nini usipitie kompyuta ya ofisi

Ofisi nyingi zilizofunga mtandao huruhusu kurasa za kawaida tu, yaani poti 80 na 443, na zote hupitia proksi, seva inayosimama kati ya ofisi na intaneti. Baadhi huenda mbali zaidi: proksi huifungua trafiki iliyosimbwa, huikagua, kisha huisimba upya kwa cheti cha ofisi ambacho kimewekwa kwenye kila mashine. Ukitaka kujua kama yako ni hivyo, fungua ukurasa wowote wa https, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, kisha angalia cheti kimetolewa na nani. Ukikuta jina la mwajiri wako au la mtambo wa faiawoli, basi kila nywila unayoandika kwenye mashine ile inaweza kusomwa njiani. Hakuna ubaya wowote, mashine ni yao. Ila funguo za nyumbani kwako usizipitishe hapo.

Vilevile usichukulie simu kuwa hotispoti ya laptopu ya ofisi. Mashine moja iliyoshika mtandao wa ofisi na intaneti ya nje kwa pamoja ni ndoto mbaya ya kila mtu wa IT, na ina haki ya kuwa hivyo.

Hatua ya tatu: ijue ruta yako

Mafunzo mengi ya YouTube yatakuambia uingie kwenye ruta, ufungue poti, na mambo yaishe. Huku kwetu mara nyingi haifanyi kazi, na sababu ni hii. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) ya upande wa nje, iandike. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Namba mbili hizo zikitofautiana, na ile ya ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ruta za 4G nyingi ziko hivyo. Utafungua poti mpaka usiku wa manane, na hakuna kitakachoingia kutoka nje.

Na hata kama umebahatika kuwa na fiber yenye anwani yako mwenyewe, usifungue. Poti 3389 ya Remote Desktop na poti 445 ya kushirikishana folda hutafutwa na mashine za wahalifu mchana na usiku, dunia nzima. WannaCry, kirusi kilicholemaza hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017, kilisambaa kwa kupitia hiyo 445.

Tunachotaka ni muunganisho unaoanzia ndani kwenda nje. Kompyuta ya nyumbani inapiga hodi kwa mratibu aliye mtandaoni, simu nayo inapiga hodi kwa huyohuyo, naye anazikutanisha. Zikishakutana zinazungumza zenyewe kwa usimbaji. Zikishindwa kufikiana moja kwa moja, trafiki hupitia seva ya kati, ambayo nayo haiwezi kuisoma. Ninayoitumia ni Tailscale. Kwa matumizi binafsi ni bure, na ndani yake kuna WireGuard, itifaki ambayo imo kwenye kerneli (kiini) ya Linux tangu 2020. Anayependa kujenga WireGuard peke yake kwenye seva ya kukodi na afanye. Kwa mtu wa folda moja ni kazi nyingi kwa faida ndogo.

Hatua ya nne: kuandaa kompyuta

Anza na masasisho. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama bado uko huko na mashine inakubali Windows 11, panda kwanza ndipo tuendelee.

Diski ifungwe kwa BitLocker kama Windows yako ni Pro, au kwa usimbaji wa kifaa kama ni Home na mashine inaukubali. Watu huogopa wadukuzi wa Urusi, na kompyuta inabebwa na mwizi wa dirishani Sombetini. Ufunguo wa kuokolea BitLocker uchapishe na uuweke mbali na kompyuta.

Weka Tailscale kwenye kompyuta, ingia kwa akaunti yako ya Google au Microsoft. Akaunti hiyo kuanzia sasa ndiyo inayoamua nani anaingia, kwa hiyo iwekee uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, sio kwa SMS. Laini hutekwa, na ukiwa hapo piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Halafu kuna kitu kidogo kinachowaangusha wengi. Kwenye mapendeleo ya Tailscale ya Windows kuna chaguo lililoandikwa *Run unattended*. Litiki. Bila hilo, umeme ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa tano, kompyuta itawaka na kusimama kwenye skrini ya kuingilia, na Tailscale haitajiunga mpaka mtu aandike nywila. Mtu mwenyewe ndiye wewe, na uko mjini.

Kila kifaa kwenye Tailscale hupewa anwani inayoanza na 100. Andika ya kompyuta. Pia kwenye ukurasa wa usimamizi, kwa kifaa hiki kimoja, zima muda wa ufunguo kuisha. Ukiacha ulivyo, baada ya siku 180 kitadai uingie upya, na kwa desturi ya mambo haya kitadai siku ya kikao.

Hatua ya tano: kufungua folda moja tu

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Tutatumia SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, ambayo Tatu Ylönen wa Finland aliiandika mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake, na kwa upande wa faili inaitwa SFTP. Windows inayo kama nyongeza ya hiari, haijawekwa tu. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika:

`Add-WindowsCapability -Online -Name OpenSSH.Server~~~~0.0.1.0`

`Start-Service sshd`

`Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic`

Sasa tengeneza akaunti mpya ya Windows, ya mtumiaji wa kawaida asiye msimamizi, uiite `faili`. Ipe nywila ndefu, kisha ingia nayo mara moja ili Windows iitengenezee folda zake. Usitumie akaunti yako ya kila siku. Sababu ya kwanza ni usalama. Ya pili ni kwamba kwa akaunti za wasimamizi Windows huzitafuta funguo mahali tofauti, `C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys`, na watu hupoteza jioni nzima wakihariri faili ambayo haisomwi.

Nenda kwenye simu. Weka Termux, programu ya kuandikia amri, kutoka F-Droid (duka la programu huria), uifungue na uandike kwa mfuatano:

`pkg install openssh`

`termux-setup-storage`

`ssh-keygen -t ed25519`

Amri ya mwisho itakuuliza neno la siri la kulinda ufunguo. Watu hubonyeza Enter wakaliacha tupu, wewe andika. Umepata vitu viwili, kufuli na ufunguo wake. Kufuli unaweza kumpa yeyote, hata ukalituma WhatsApp; ufunguo usitoke kwenye simu. Kulisoma kufuli andika `cat ~/.ssh/id_ed25519.pub`, unakili mstari mzima unaoanza na `ssh-ed25519`, ujitumie.

Rudi kwenye kompyuta ukiwa umeingia kama `faili`. Ndani ya `C:\Users\faili` tengeneza folda iitwayo `.ssh`, na ndani yake uhifadhi mstari ule kwa Notepad, faili iitwe `authorized_keys`. Notepad itataka kukuongezea `.txt` mwishoni. Chagua *All files* wakati wa kuhifadhi, kisha hakikisha kwa macho kwamba jina halina kiambishi chochote. Hiyo `.txt` imewafanya watu waape kwamba SSH haifanyi kazi kwenye Windows.

Sasa kama msimamizi fungua `C:\ProgramData\ssh\sshd_config`. Mwishoni mwa faili utaona mistari inayoanza na `Match Group administrators`. Juu ya mistari hiyo, sio chini yake, ongeza:

`PasswordAuthentication no`

`AllowUsers faili`

Na chini kabisa ya faili:

`Match User faili`

`ChrootDirectory D:\Kazini`

`ForceCommand internal-sftp`

Kwa maneno mengine: nywila hazikubaliki, anayeingia ni `faili` peke yake, anaona `D:\Kazini` tu, na hawezi kuendesha amri yoyote zaidi ya kuchukua na kuweka faili. Ukiandika hayo ya kwanza chini ya `Match`, yatawahusu wasimamizi tu na nywila zitaendelea kukubalika kimyakimya. Hifadhi, kisha `Restart-Service sshd`.

Bado faiawoli ya Windows yenyewe. Kwenye kanuni za trafiki inayoingia tafuta ile ya OpenSSH, fungua kichupo cha *Scope*, na kwenye anwani za mbali weka `100.64.0.0/10`. Hapo hata mtoto wa jirani aliyepewa waifai yako ya nyumbani hawezi kubisha hodi.

Kabla hujatoka mbele ya kompyuta, andika amri hii:

`ssh-keygen -lf C:\ProgramData\ssh\ssh_host_ed25519_key.pub`

Itatoa mstari wenye `SHA256:` na herufi nyingi zisizo na mpangilio. Hiyo ni alama ya kidole ya kompyuta yako. Ipige picha. Utaihitaji mara moja tu.

Hatua ya sita: jaribu ukiwa bado nyumbani

Weka Tailscale kwenye simu kwa akaunti ileile. Zima waifai ya simu, baki na bando, kwa sababu jaribio la kwenye waifai ya nyumbani halithibitishi kitu. Kwenye Termux:

`cd ~/storage/downloads`

`sftp faili@100.x.y.z`

Anwani iwe ile uliyoiandika. Mara ya kwanza utaulizwa kama unaiamini mashine hii, na utaonyeshwa alama ya kidole. Linganisha na picha, herufi kwa herufi, angalau kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Zikilingana andika `yes`. Siku nyingine yoyote simu ikikuonya kwamba alama imebadilika, na wewe hujabadilisha Windows, acha hapohapo. Ni onyo, usilifute ili uendelee.

Ukishaingia, `ls` inaorodhesha, `get bajeti.xlsx` inaleta faili kwenye folda ya upakuaji ya simu, `put bajeti.xlsx` inairudisha ikiwa umeirekebisha. Anayechukia amri anaweza kutumia programu ya kusimamia faili inayokubali SFTP, kama Material Files au Solid Explorer. Mwenye iPhone atafute inayokubali funguo za ed25519. Kanuni hazibadiliki.

Faili ikishafika kwenye simu, ipeleke kwenye mashine ya ofisi kwa njia iliyokubaliwa tu, barua pepe ya ofisi. Usitafute njia ya pembeni ili kuokoa dakika moja. Anayehitaji programu iliyoko nyumbani, sio faili, hilo ni suala la kuona skrini kwa mbali na mwongozo huu hauligusi.

Umeme na bando

Kwa Arusha na Moshi hapa ndipo mipango mingi hufia, wala si kwenye funguo.

Kompyuta ya mezani inayokula wati 80, ikiwashwa saa 24, ni uniti karibu 2 kwa siku, 58 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye tarifu ya TANESCO ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya robo tatu ya mgao kwa kifaa kimoja. Laptopu ya zamani inayokula wati 15 ni uniti kama 11 kwa mwezi, na betri yake inavumilia katizo fupi bila UPS. Ndiyo maana nawashauri watu waitoe laptopu iliyovunjika kioo kabatini, waiunganishe na skrini ya kuazima wakati wa kuiandaa, kisha waiache ifanye kazi hii. Weka mipangilio kwamba kufunga mfuniko hakuilazi, na kwamba ikiwa kwenye chaji hailali kabisa.

Anayebaki na ya mezani aingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) atafute mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, mara nyingi huandikwa *Restore on AC Power Loss*, auweke iwake yenyewe. Na ruta nayo inahitaji umeme. Nimemkuta mtu ana UPS nzuri chini ya kompyuta, ruta imechomekwa ukutani upande wa pili wa sebule.

Bando: faili inapotoka nyumbani inahesabiwa kwenye ruta ya nyumbani, na inapoingia kwenye simu inahesabiwa tena kwenye simu. Jedwali la MB 20, kama ruta inapandisha kwa Mbps 2, ni sekunde 80. Video ya GB 4, hata kwa Mbps 5, ni karibu saa moja na dakika arobaini na saba, na mabando mawili yameliwa. Za namna hiyo zibebe kwenye diski ya nje jioni.

Kwa habari ya diski ya nje: kuifikia faili kwa mbali hakumaanishi una nakala ya akiba. Folda ya `Kazini` inakiliwe kwenye diski ya nje kila wiki, na diski ikae kwa ndugu, sio kwenye droo ileile iliyo chini ya kompyuta.

Simu ikipotea

Usingoje kupita polisi kwanza. Kwa kompyuta yoyote unayoiamini, ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale uondoe kifaa kilichopotea. Tangu hapo simu ile haiioni kompyuta yako. Ukifika nyumbani futa mstari wake kwenye `authorized_keys`. Badilisha nywila ya akaunti ya Google au Microsoft uliyoingilia, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia. Ndiyo sababu namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili huandikwa kwenye karatasi na kuachwa nyumbani: programu ya kutoa namba ilikuwa kwenye simu hiyohiyo.

Kuona kama kuna aliyejaribu kuingia, fungua Event Viewer, sehemu ya OpenSSH, rejista ya *Operational*. Pitia mara moja kwa mwezi. Kwa mpangilio huu inapaswa kuwa na anwani za 100 peke yake na jina la `faili` peke yake. Ukikuta anwani nyingine, kanuni ya faiawoli imelegea. Huenda sasisho la Windows limeirudisha ilivyokuwa, na kuirekebisha ni dakika mbili.

Ukihama kazi, futa barua pepe za faili ulizojitumia kama kanuni za ofisi zinakuruhusu, na zile rasimu za mwajiri zilizobaki kwenye `D:\Kazini` mkabidhi kisha uzifute pamoja na nakala zake kwenye diski ya nje.